Matunda Tuliyowaachia Watoto: Historia ya Zambarau, Kunazi na Wenzake

Mwaka 1331 msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, alilala usiku mmoja Mombasa akiwa safarini kwenda Kilwa. Usiku ule ulimtosha kuona mengi. Aliona misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ustadi, visima milangoni mwa misikiti hiyo, na watu waliotembea miguu mitupu ambao hawakuingia kusali kabla ya kuosha miguu. Alieleza kwamba chakula chao kikubwa kilikuwa ndizi na samaki, na kwamba nafaka ililetwa kwa vyombo kutoka pwani ya bara. Alitaja milimau na mibalungi. Kisha akataja tunda linalofanana na zeituni, lenye kokwa kama ya zeituni, lakini tamu sana, ambalo wenyeji waliliita jammun. Yeyote aliyekulia pwani na kurudi nyumbani na ulimi uliogeuka rangi analijua tunda hilo. Ni zambarau.

Katika karne zilizofuata, wageni waliofika kwetu na kalamu mkononi waliandika kwa kirefu juu ya pembe za ndovu, karafuu, nazi na machungwa. Tunda la mtoto anayepanda mti akitoka chuoni lilipata mistari michache, mara nyingi halikupata hata mmoja. Mimi nilifundisha sayansi kimu katika shule za Tanga na Pangani mpaka nilipostaafu, na lishe ndiyo mada niliyoipenda kuliko zote. Swali lililonisumbua tangu ujana ni hili: kwa nini matunda yenye virutubisho vingi namna hii yamekosa nafasi mezani, sokoni na vitabuni? Jibu nililifikia kwa kusoma historia zaidi kuliko kusoma vipimo vya maabara. Tunda halishuki thamani kwa upungufu wake. Hushuka kwa hadhi ya anayelila.

Tuanze na asili yake. Zambarau na kunazi tunazozijua zilitoka Bara Hindi na nchi za jirani, zikavuka bahari katika biashara iliyokwenda kwa pepo za msimu, ile kaskazi iliyoleta majahazi na kusi iliyoyarudisha. Ibn Battuta mwenyewe aliishi Delhi miaka kadhaa baada ya safari yake ya Kilwa, na huko anaitaja jammun tena katika matunda ya nchi. Pwani mbili zilizotazamana zilikula tunda moja. Wenzake ni wenyeji wa Afrika: fuu, ambalo ndugu zetu wa Kilifi na Kwale huliita fudu, bungo na kitoria, matunda ya mitambaazi ya porini, matunda madogo ya mkole, na ubuyu, ambao si tunda dogo lakini siwezi kuuacha nje, kwa sababu umepita njia ileile ya kudharauliwa.

Miti hii ilikuwa alama za miji. Unguja kuna Mkunazini, Dar es Salaam kuna Mzambarauni, Pemba kuna Mzambarau Takao, na Mbuyuni haina idadi. Mkunazi ulipewa heshima ya pekee. Sura ya Al-Waqi'a inautaja miongoni mwa neema za Peponi, na hadi leo pwani yetu huosha maiti kwa maji yaliyotiwa majani yake. Nilipokuwa mtoto bibi yangu hakuruhusu mtu akate tawi la mkunazi wa uani kwa ajili ya kuni. Alikuwa akisema, "Mjukuu wangu, mti huu una kazi na sisi sote." Wazaramo nao waliupa mkole nafasi katika unyago. Marja-Liisa Swantz, mtafiti kutoka Finland aliyeishi kwao miaka ya 1960, ameeleza jinsi mwali alivyopelekwa chini ya mti huo, ambao wingi wa matunda yake uliombewa uwe wingi wa watoto. Kwa hiyo wazee wetu hawakuidharau miti hii. Dharau ilikuja baadaye, na ilikuja na sababu zake.

Sababu ya kwanza ni kwamba waliotuandikia walitafuta walichokijua. Aprili 1498 merikebu za Vasco da Gama zilitia nanga nje ya Mombasa zikiwa na wagonjwa wengi wa kiseyeye: fizi zimevimba, miguu imejaa maji, nguvu zimekwisha. Mfalme wa Mombasa aliwapelekea kondoo, machungwa, malimau na miwa. Mwandishi wa safari yao anasema wagonjwa wote walipona hapo, na alishukuru hewa nzuri ya mji. Januari 1499, wakirudi kutoka India baada ya kuzika watu thelathini baharini, walifika Malindi, na kitu ambacho wagonjwa walikililia ni machungwa. Mwaka 1747 daktari James Lind aliwajaribu mabaharia wa Kiingereza na kuonyesha kwamba machungwa na malimau huponya kiseyeye. Katika miaka ya 1928 hadi 1932 kazi ya Albert Szent-Györgyi na wenzake ikafichua kitu chenyewe kilichoponya, yaani vitamini C. Tangu hapo chungwa likawa mfalme wa vitamini hiyo katika kila kitabu cha shule, changu kikiwemo.

Sasa tulinganishe. Gramu 100 za chungwa zina takriban miligramu 53 za vitamini C. Gramu 100 za kunazi mbichi zilizopimwa India zilikuwa na kati ya miligramu 65 na 76. Mtu mzima, kwa kipimo cha mashirika ya FAO na WHO, anahitaji miligramu 45 kwa siku. Maana yake ni kwamba viganja viwili vya kunazi alizookota mtoto chini ya mti vinamtimizia hitaji la siku nzima na kuzidi. Unga wa ubuyu uko mbele zaidi: gramu 100 huwa na kuanzia miligramu 150 hadi karibu 500, kwa kutegemea mti na mahali ulipoota, pamoja na madini ya chokaa ya kutosha kujenga mifupa. Hakuna anayekula gramu 100 za unga wa ubuyu kwa mkupuo, lakini gramu 20 zikorogwe katika uji, hata kwa kipimo cha chini kabisa ni miligramu 30. Na vitamini C ikifika tumboni pamoja na maharage au mchicha huusaidia mwili kufyonza madini ya chuma. Kwa mama mjamzito mwenye upungufu wa damu hilo si jambo dogo.

Zambarau haishindani hapo. Vitamini C yake ni kama miligramu 14 tu kwa gramu 100. Utajiri wake uko katika ganda, katika ile rangi inayotia doa nguo za shule. Rangi hiyo hutokana na kundi la kemikali ziitwazo anthosianini, zilezile zilizoipa sifa duniani bluberi ya Marekani, tunda ambalo vitamini C yake ni miligramu kumi tu. Kemikali hizi hupunguza nguvu ya chembe haribifu zinazozalishwa mwilini. Ndiyo sababu zambarau huliwa na ganda lake, na anayeimenya anatupa kilicho bora. Ule ukakasi unaokausha ulimi ni tanini. Tanini nayo ni ya kundi la kemikali zenye manufaa, ila huzuia chuma kufyonzwa, hivyo zambarau zinafaa kuliwa kati ya mlo na mlo. Watoto hawajawahi kuzila vinginevyo: huziosha, huzitia katika bakuli na chumvi kidogo, hufunika na kutikisa mpaka ganda lilainike, kisha huzila barazani mchana wakati chakula cha jioni bado kiko mbali.

Kuna neno juu ya zambarau nalisema kwa uzito. Unga wa kokwa zake huuzwa kama dawa ya kisukari. Sifa hiyo ni ya kale. Waganga wa India wameutumia kwa karne nyingi, na madaktari wa Ulaya nao walijaribu mbegu hizo katika karne ya 19, kabla insulini haijagunduliwa mwaka 1921. Lakini watafiti wa Brazil walipowapa watu chai ya majani ya mzambarau na kupima sukari katika damu, hawakuona ikishuka. Mwenye kisukari ale zambarau kama tunda, kwa kiasi, wala asiache dawa ya hospitali kwa sababu ya unga wa kokwa.

Sababu ya pili ya dharau ni ardhi. Katika miaka ya 1870 na 1880 pori la pwani na kusini lilipata bei ghafla kwa ajili ya mpira wa mwitu. Utomvu huo ulitoka katika mtambaazi uliopewa jina la John Kirk, balozi wa Uingereza aliyekaa Unguja, na mtambaazi huo ni wa ukoo mmoja na mbungo na mtoria. Watu waliingia porini kutafuta utomvu, wakakata na kuchanja mitambaazi, na shehena zikateremka Kilwa na Lindi kusafirishwa ng'ambo. Tunda halikuwa na mnunuzi. Mwaka 1893 Richard Hindorf akaleta miche ya mkonge kutoka Florida. Kati ya vichipukizi 1,000 vilivyoagizwa, 62 ndivyo vilivyofika hai, vikapandwa Kikokwe karibu na Pangani. Kutokana na hivyo 62 ukaenea mkonge uliofanya Tanganyika kuwa mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani. Mwaka 1964 nchi ilivuna zaidi ya tani 200,000. Nimefundisha watoto wa manamba katika mashamba hayo. Kila ekari ya mkonge ilikuwa kwanza ekari ya kichaka, na katika kichaka kile ndimo ulimokuwa mfuu, mkole na mbungo. Fidia ya mti uliong'olewa haikulipwa, kwa kuwa haukuwa wa mtu.

Wakati huohuo milimani Usambara, Wajerumani walifungua kituo cha utafiti cha Amani mwaka 1902, wakaleta mamia ya aina za mimea kutoka nchi za joto: kahawa, mpira, kwinini, viungo na matunda. Waliuliza juu ya kila mmea kama utasafirishwa na kuuzwa. Hapohapo Amani, baadaye, mtaalamu wa mimea P. J. Greenway alikusanya majina ya Kiswahili ya mimea katika kamusi, na R. O. Williams akaandika kitabu cha mimea yenye faida ya Unguja na Pemba mwaka 1949. Nawashukuru wote wawili, maana bila wao majina mengi yangepotea pamoja na wazee. Lakini jina katika kamusi halitoshi kuuleta mche shambani.

Sababu ya tatu ni njaa yenyewe. Ugogo, kati ya mwaka 1917 na 1920, majeshi ya Vita Kuu ya Kwanza yalipokwisha kuchukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo, mvua nazo zikakosekana, ikaja njaa iliyoitwa Mtunya. Walionusurika walinusurika kwa kula vya porini. Tunda lililookoa roho likabaki na kumbukumbu ya msiba. Mzazi aliyepona njaa hataki kumwona mwanawe akila kilichokuwa kimbilio la wakati ule, hufurahi akimwona anakula wali na chungwa. Hisia hiyo naielewa na naiheshimu, lakini gharama yake tunailipa mpaka leo.

Mwaka 1975 serikali iliendesha kampeni ya Chakula ni Uhai, miaka miwili baada ya kuundwa Taasisi ya Chakula na Lishe. Nilikuwa mwalimu kijana. Jioni tulikaa na wanakijiji tukisikiliza redio, kisha tukajadili kijitabu: bustani za mboga, maziwa ya mama, ufugaji wa kuku. Ilikuwa kazi njema, na vijiji vingi vilipanda mipapai kwa sababu yake. Katika kikundi chetu mama mmoja mzee aliuliza, "Mwalimu, na hizi kunazi zetu je?" Swali lake nililibeba darasani kwangu miaka yote iliyofuata. Kila msimu wa kunazi niliwaagiza wanafunzi walete kila mmoja kiganja chake. Tulipima uzito kwa mizani ya jikoni, tukatoa kokwa, tukapima tena, tukajua nyama ya tunda ni kiasi gani. Tulipika uji wa ubuyu na uji wa kawaida, wanafunzi wakachagua wenyewe.

Shule moja niliyofundisha ilikuwa na mkunazi mkubwa nyuma ya madarasa. Ulikatwa ili kupanua uwanja wa gwaride, na sababu iliyotolewa ni kwamba watoto walichelewa darasani kwa kuokota kunazi. Walikuwa watoto waliotoka nyumbani bila kunywa chai. Mti ule ndio uliowalisha saa nne. Nililisema wakati ule katika kikao cha walimu, nalisema tena sasa: kukata mti wa matunda katika shule yenye watoto wenye njaa ni kosa.

Wapo wanaosema matunda haya hayana biashara. Mama anayeuza kunazi pembeni ya soko la Mgandini mjini Tanga aliniambia, "Mwalimu, zambarau ukiichuma asubuhi, jioni imepasuka. Kunazi inavumilia, lakini watu wanataka kuonja bure, wanasema si vya watoto tu?" Kuhusu zambarau kuharibika upesi, ni kweli. Kuhusu biashara, historia ya kwingineko inajibu. Bluberi ilikuwa tunda la kuokota porini mpaka mwaka 1911, pale Elizabeth White wa New Jersey alipomwandikia mtaalamu wa mimea Frederick Coville akampa ardhi ya kufanyia majaribio. White aliwapa waokotaji wa kijijini kibao chenye tundu la karibu milimita 16, akawalipa kwa kila kichaka walichomwonyesha chenye matunda yasiyopita katika tundu hilo, na vichaka vikapewa majina ya waliovipata. Mavuno ya kwanza ya kuuza yalitoka mwaka 1916. Yaani elimu ya kuanzia ilikuwa ya waokotaji, watu waliojua kila kichaka kwa ladha yake. Leo bluberi inalimwa Kenya na kusafirishwa ng'ambo kwa ndege.

Kunazi nayo imepitia hatua hiyo, ila si kwetu. India ina aina zilizochaguliwa na kubebeshwa, kama Gola, Seb na Umran, zenye matunda makubwa kuliko ya kwetu mara kadhaa. Watafiti walizipeleka nchi kame za Sahel, wakulima wa Niger wakazipanda na kuziuza kwa jina la tofaa la Sahel. Ubuyu ulikubaliwa kuwa chakula katika soko la Umoja wa Ulaya mwaka 2008 na Marekani mwaka 2009, na sasa unauzwa huko katika vipakiti vidogo kwa bei ambayo mama wa Dodoma hawezi kuiamini. Nyumbani tunaujua zaidi kama ubuyu wa Unguja, uliopikwa na sukari, iliki, pilipili na rangi nyekundu. Ni mtamu, nami naupenda, lakini wa lishe ni ule mweupe uliotolewa moja kwa moja katika buyu. Tabora wanawake walifundishwa kutengeneza sharubati, jemu na mvinyo wa matunda ya miombo, chini ya kazi ya ICRAF, shirika la utafiti wa kilimo mseto na miti, iliyoanza kusini mwa Afrika katika miaka ya 1990. Njia ipo, na imeshapitwa na wenzetu.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Siwaambii watu waache chungwa. Muheza imejengwa na machungwa, na wajukuu zangu wanasomeshwa nayo. Nasema chungwa lisiwe peke yake. Kunazi kwa vitamini C, zambarau kwa rangi yake yenye kinga, ubuyu kwa vitamini C na chokaa, bungo kwa sharubati, fuu kwa mtoto mwenye njaa ya saa kumi: kila moja lina zamu yake na msimu wake, na yakipandwa pamoja, nyumba haikosi tunda.

Kwa hiyo nawaomba walimu wakuu wapande mkunazi na mzambarau pembezoni mwa viwanja vya shule, na wasimamie isikatwe. Nawaomba wataalamu wetu wa kilimo wafanye alichofanya White: waende vijijini, wawaulize watoto na wachungaji ni mfuu upi mtamu kuliko yote, ni mbuyu upi hauna uchachu mkali, wauchukue huo na kuuzalisha. Mzee anayeijua miti hiyo akifa kabla ya kuulizwa, kazi itaanza upya. Nawe msomaji, msimu huu ukimkuta mama amekaa na mafungu yake ya kunazi, nunua, mlipe bei aliyotaja bila kumshusha, na ule pamoja na wanao.